Mashine Itambuavyo Ishara za Mawimbi Mafupi

Kibosho iko kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895. Mlima huo huyakinga mawimbi ya redio yatokayo kaskazini kwa mstari ulionyooka. Mawimbi mafupi, yaani ya megahezi 3 hadi 30, yana njia nyingine: hupanda hadi ionosfia, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, kisha hurudishwa ardhini. Ndiyo njia iliyotumiwa na Sauti ya Tanzania Zanzibar, iliyorusha matangazo kwa miaka mingi kwenye kilohezi 11,735.

Aitafutaye stesheni katika mawimbi hayo hukutana pia na milio isiyo muziki wala maneno. Hata maneno ya binadamu, yakirushwa kwa ukanda mmoja tu wa pembeni bila wimbi-chukuzi, husikika katika redio ya kawaida kama kelele za bata. Redio si mbovu. Kila mrushaji hulibebesha wimbi ujumbe kwa namna yake, iitwayo modulesheni, na asiyeijua namna hiyo hawezi kuutua mzigo. Huduma ya madaktari wa ndege ya AMREF, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957, ilitegemea redio za mawimbi mafupi kuzifikia zahanati za mbali. Wito wa mgonjwa usiofahamika ni sawa na wito usiotumwa.

Je, mashine yaweza kuitambua modulesheni peke yake? Wimbi lina mambo matatu yabadilikayo: kimo, marudio na fazi. Katika Morse, kimo hukatwa na kurejeshwa. Katika matangazo ya kawaida, kimo hupanda na kushuka kwa kuifuata sauti. Katika teleksi ya redio kimo hubaki kilekile, bali marudio huruka kati ya mawili. Ziko pia ishara ambazo fazi yake hugeuzwa ghafla, pengine kwa digrii 180.

Kompyuta hupima mambo hayo mara maelfu kwa sekunde. Azzouz na Nandi, katika kitabu chao cha mwaka 1996, waliipa maswali ya kufuata hatua kwa hatua: kimo kinabadilika? Kama hakibadiliki, marudio je? Ilionekana pia kuwa yaweza kujifunza kwa mifano, kama mtoto ajifunzavyo sura za watu. Mwaka 2019 Stefan Scholl alionyesha mtandao uliofunzwa aina 18 za ishara za mawimbi mafupi, kwa vipande visivyozidi nusu sekunde.

Vipande hivyo, hata hivyo, vilitengenezwa na kompyuta, na anga halisi ni korofi zaidi. Karibu na ikweta ya sumaku ya dunia, ambayo kwa upande wetu hupita Ethiopia, ionosfia huweza kuchafuka baada ya jua kutua. Wimbi huifikia Kibosho kwa njia kadhaa kwa pamoja, likitetemeka. Teleksi ya kimo kisichobadilika huonekana kana kwamba kimo chake kinacheza, na mashine iliyofunzwa kwa anga tulivu huipa jina lisilo lake. Dawa yake ni kuifunza kwa ishara zilizonaswa huku huku, jioni.

Wanafunzi wanaweza kuliona jambo hili wenyewe. Wachague stesheni moja ya mbali, wairekodi saa 10 alasiri na tena saa 2 usiku, kisha wachore grafu mbili za ukubwa wa sauti na kuzilinganisha.