Mwisho wa juma Mwanza: Bidhaa adimu ni saa, si vitanda

MFANYABIASHARA anayefuata dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, mara nyingi hujikuta mzigo umekamilika Ijumaa jioni na shughuli za benki zinangoja Jumatatu. Katikati zipo siku mbili. Anaweza kuzimalizia kitandani katika nyumba ya wageni, au kuzitumia kuuona mji. Tofauti iko katika mpango.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu saa. Chukua mfano wa mgeni mwenye saa 10 za mchana Jumamosi na 8 Jumapili, jumla 18. Akitenga Sh 180,000 kwa malazi, chakula na usafiri, kila saa inamgharimu Sh 10,000. Akingoja boti kwa saa tatu, Sh 30,000 zimekwenda na maji.

Jumamosi ifae kwa ziwa. Kisiwa cha Saanane, kilichoanza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama ya Serikali, kilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Kina ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 tu, na boti kutoka Capri Point hufika kwa dakika chache. Asubuhi moja inatosha kuona swala, pimbi na tumbili. Jioni, Jiwe la Bismarck na machweo yake hayana kiingilio.

Jumapili ni ya nchi kavu. Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, yako yapata kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Daladala za Kisesa humfikisha mtu karibu. Yalianzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada, na yanahifadhi ngoma, zana na historia ya watemi. Mwezi Juni sherehe za Bulabo hukutanisha wachezaji wa Bagika na Bagalu. Anayetaka kuziona aweke nafasi ya malazi mapema.

Ukerewe inavutia, lakini meli hadi Nansio huchukua saa tatu hivi kwa njia moja. Bila kulala huko, sehemu kubwa ya siku huishia majini.

Katika kubana saa, usalama usiguswe. Njiani kuelekea Bujora yapo makaburi ya Igoma, walikozikwa wahanga wa MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara ikiwa imebeba abiria kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Boti iliyojaa kupita kiasi, au isiyo na jaketi la kuokolea kwa kila abiria, iachwe iende.

Thamani ya saa imeonekana pia Kigongo–Busisi. Kabla ya Juni 2025, msafiri wa Sengerema au Geita alipanga foleni ya kivuko. Sasa daraja la kilomita tatu huvukwa kwa gari kwa dakika chache, na mgeni wa ng'ambo ile anaweza kuja Mwanza asubuhi na kurudi jioni.

Hapo ndipo ilipo nafasi ya mwekezaji mdogo. Wengi wakisikia wageni hufikiria kujenga vyumba, mradi unaotaka mtaji mkubwa na kurudisha fedha polepole. Kumwokolea mgeni saa kunahitaji kidogo: kukusanya majina tangu Ijumaa ili boti iondoke kwa wakati na kwa idadi inayoruhusiwa, gari la kwenda na kurudi Bujora, sato na ugali vilivyoagizwa kabla wageni hawajafika.

Lakini biashara hii haina ghala. Anayeahidi kuondoka saa 2 asubuhi akaondoka saa 5 amekwishakula saa tatu za mteja, na saa hazirudishwi kama chenji.