Reli Iliyoshindwa na Barabara Mara Mbili

Abiria wa kwanza duniani kulipa nauli ya reli walivutwa na farasi. Ilikuwa mwaka 1807 huko Wales, kutoka mji wa Swansea hadi Oystermouth, katika njia iliyojengwa kubebea mawe ya chokaa na makaa. Bwana Benjamin French alilipa paundi 20, fedha nyingi siku zile, apate ruhusa ya kuchukua watu kwa mwaka mmoja.

Barabara ilipopitishwa kando ya reli hiyo, magari ya farasi yaliwanyakua abiria wote. Walirejea mwaka 1860. Mvuke ukaja 1877, kisha umeme 1929, na mabehewa ya ghorofa yenye viti 106. Mwaka 1958 kampuni ya mabasi iliinunua reli. Januari 1960 ikaifunga.