Mafunzo ya kuzalisha kwa mwanasesere

Mafunzo ya kuzalisha kwa mwanasesere ni njia ya kuwafundisha wanafunzi wa udaktari, uuguzi na ukunga stadi za kuzalisha kwa kutumia mfano wa mwili wa mama na wa mtoto, kabla hawajamhudumia mzazi halisi.

Historia

Njia hii si ngeni. Katika karne ya 18 mkunga Angélique du Coudray wa Ufaransa alitengeneza mfano wa nyonga na mtoto kwa kitambaa na ngozi. Mwaka 1759 mfalme Louis XV alimruhusu kuzunguka nchini akiwafundisha wakunga wa vijijini.

Namna ya kufundisha

Siku hizi hutumika, kati ya vingine, kifaa kiitwacho MamaNatalie. Mwalimu hukivaa tumboni na kuigiza mzazi: husukuma mtoto, kondo la nyuma na damu ya bandia. Mwanafunzi huongea naye, hupokea mtoto, hukata kitovu, hukanda tumbo la uzazi na kukadiria damu iliyotoka. Dharura adimu, kama mabega ya mtoto kukwama, huweza kurudiwa mara nyingi bila kumdhuru mtu.

Mtoto asiyepumua huigizwa kwa mwanasesere NeoNatalie. Mwanafunzi humkausha, humsugua mgongo na, akiwa bado hapumui, humpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika moja ya kwanza, iitwayo "dakika ya dhahabu".

Nchini Tanzania

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mafunzo ya siku moja yaliboresha stadi za wahudumu mbele ya mwanasesere, lakini hayakubadili utendaji wao katika chumba cha kuzalia. Baadaye yaliongezwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Kwa hiyo stadi hii hudumu kwa kurudiwa, si kwa cheti.

Umuhimu visiwani

Umuhimu huo huonekana wazi mahali kama Kisiwa Panza, kisiwa kidogo kusini mwa Pemba katika Wilaya ya Mkoani, ambako watu huvuka bahari kwa chombo. Mzazi anayehitaji upasuaji hana budi kuvushwa kwanza, kisha kusafirishwa hadi hospitali, kama ile ya Abdulla Mzee mjini Mkoani. Lakini mtoto asiyepumua hawezi kusubiri chombo, na mama anayetokwa damu nyingi anaweza kufa kabla ya kufika. Katika dakika hizo tegemeo ni mikono ya mhudumu aliyepo.

Mipaka

Mwanasesere hachukui nafasi ya mafunzo wodini. Hafundishi yote kuhusu maumivu, hofu na staha ya mzazi. Hayo mwanafunzi hujifunza kwa wazazi wenyewe, akisimamiwa na mkunga mzoefu.