Uhalisia wa Kazi na Uhalisia wa Sura katika Zana za Mwigo za Kufundishia Ukunga

Neno "uhalisia" linapotumiwa kuhusu sanamu za kufundishia wahudumu wa afya, mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kufanana kwa sura: ngozi, kope, rangi. Makala haya yanashikilia kuwa sura ni jambo la pili. Linalopaswa kutangulia ni kazi, yaani sanamu iitikie mkono wa mwanafunzi kama mwili ungeitikia, na igome pale mwili ungegoma.

Mfano ulio wazi ni NeoNatalie, mwanasesere wa mtoto mchanga aliyebuniwa na Laerdal Global Health ya Norway na anayetumika katika mpango wa Helping Babies Breathe ulioanza mwaka 2010. Hujazwa maji ya takribani lita mbili, akapata uzito na ulegevu wa mtoto asiyepumua. Mkufunzi hubinya vipira vidogo ili kiungamwana kipige au mtoto apumue. Kifua huinuka pale tu barakoa inaposhika vyema usoni na kichwa kikakaa sawa; hewa ikivuja, hakisogei. Hivyo mwanafunzi husahihishwa na chombo chenyewe kabla mkufunzi hajafungua kinywa. Uso wake ni wa mwanasesere tu, na hakuna kilichopotea.

MamaNatalie huvaliwa tumboni na mtu anayeigiza mzazi. Mvaaji huweza kuulegeza mji wa mimba na kufungulia damu bandia, mwanafunzi akalazimika kuusugua hadi ukaze. Wakati huohuo "mzazi" huuliza, hulalamika, huogopa. Mawasiliano hayo ni sehemu ya ukunga ambayo sanamu iliyolazwa mezani haiwezi kuifundisha.

Hata hivyo, chombo bora hakitoshi. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, mafunzo ya siku moja yaliyotolewa mwaka 2010 yaliinua umahiri katika mwigo, lakini huduma halisi kwa watoto haikubadilika. Baada ya kuanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo ndani ya saa 24 vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Kwa mbunifu, tofauti hiyo ni sharti la usanifu: zana iwe nyepesi kuandaliwa katikati ya zamu, ioshwe kwa sabuni na maji, na isiwe ghali kiasi cha kufungiwa kabatini kwa hofu ya kuharibika.