Lindo Kando ya Kitanda cha Mzee
Ndugu wanajeshi na polisi, mara nyingi mzee huingia hospitali akili yake timamu, akazinduka baada ya upasuaji akiweweseka, asiwatambue wanawe. Jamaa hunong'ona kuwa amerogwa. La hasha! Dawa ya kumtuliza yaweza kuwa chanzo kimojawapo. Diazepamu imo katika orodha ya Daktari Mark Beers wa Marekani, iliyotolewa mwaka 1991, ya dawa zisizowafaa wazee.

Basi tumweleze daktari mapema dawa anazomeza mzee, na pombe pia, bila kuficha. Tuulize kama ganzi ya mahali pamoja yatosha. Azindukapo, avishwe miwani yake, aone uso aujuao. Lindo hilo ni letu.