Tegu wa Mbwa na Vifuko vya Maji Mwilini

Yako maradhi yawezayo kukaa mwilini mwa mtu miaka kumi naye asijue kuwa anayo. Hana homa wala maumivu. Alima na kuchunga kama wenzake, hata siku moja jicho lake moja laonekana limetokeza kuliko la pili, au shingo yafanya uvimbe usiouma, au mfupa wa paja wavunjika kwa kujikwaa kidogo tu. Hapo wengine husema amerogwa, na wengine hutafuta wembe wa kumchanja. Mazungumzo yetu ya leo yahusu vifuko vya maji viletwavyo na tegu wa mbwa, na zaidi vile vikaavyo mahali pasipotazamiwa.

Tegu huyu si yule mrefu apatikanaye kwa kula nyama mbichi ya ng'ombe. Ni mdogo mno, urefu wake milimeta 2 hata 7, na mbwa mmoja aweza kuwa na maelfu yake utumboni bila kudhurika. Mayai hutoka pamoja na mavi ya mbwa, yakabaki majanini, majini na katika manyoya yake. Kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia ayalapo, mtoto wa tegu huanguliwa tumboni, akatoboa ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Pale atakapokwama hujifanyia kifuko chenye maji safi kama ya chemchemi, nacho hukua polepole mwaka kwa mwaka. Mnyama huyo akichinjwa, na ini lake likatupiwa mbwa, safari yaanza upya. Mwanadamu huingia humo kwa bahati mbaya, kwa kumeza yai pamoja na chakula au kwa mkono usionawa.

Huenda msomaji akauliza, mbona kifuko cha huyu kiwe katika ini, na cha yule nyuma ya jicho? Damu yote itokayo utumboni hupita kwanza katika ini, nalo hufanya kazi ya chujio. Ndiyo sababu vifuko vingi, kama viwili katika kila vitatu, huwa humo. Watoto wa tegu waliopenya hapo hunaswa na mapafu, kama mmoja katika watano. Wachache waliobaki huchukuliwa na damu popote: figo, bandama, msuli, moyo, ubongo au mfupa.

Mahali palipojulikana sana kwa maradhi haya katika Afrika ya Mashariki ni Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya. Mwaka 1982 ilitangazwa hesabu ya wagonjwa 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika sehemu moja ya nchi ile, hesabu iliyozidi zote zilizojulikana duniani wakati ule. Maji ni haba huko, mbwa walilala pamoja na watu, na mama aliweza kumwachia mbwa amlambe mtoto aliyejichafua. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 na madaktari warukao kwa ndege, lilianza mwaka 1983 kazi maalum ya kupambana na maradhi hayo, na mashine za altrasaundi zikapelekwa hata maboma ya wafugaji. Kwetu Tanzania maradhi yameonekana kwa Wamasai wa Ngorongoro, watu na mifugo pia.

Altrasaundi ndicho chombo kikuu cha kuyatambua. Maji huonekana meusi katika picha, yamezungukwa na ukuta, na pengine ndani mna vifuko vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki. Daktari Hassen Gharbi wa Tunisia aliviweka katika madaraja mwaka 1981, na baadaye Shirika la Afya Duniani likaendeleza kazi hiyo, ili daktari ajue kama kifuko ki hai, au chaanza kufa, au kimekwisha kufa. Lakini altrasaundi haipenyi fuvu wala mfupa. Kwa kifua na mifupa hutumika eksirei. Kwa ubongo na uti wa mgongo hutakiwa mashine kubwa zaidi, ambazo hazipo kila hospitali. Kipimo cha damu husaidia, ila kina hila yake: kifuko kikiwa kizima, hasa kilicho katika ubongo, jicho au mfupa, damu yaweza isionyeshe neno. Mtu asifurahi upesi kwa kuambiwa damu yake ni safi, na huku uvimbe wazidi.

Katika ubongo kifuko huleta maumivu ya kichwa, kutapika na kifafa, mara nyingi kwa watoto. (Tegu wa nguruwe naye huleta kifafa, lakini hayo ni maradhi mengine, na matibabu yake ni mbali.) Katika mfupa hakifanyi duara, huenea ndani kama mchwa katika nguzo, hata mfupa uvunjike.

Sasa twasema kwa nguvu: uvimbe kama huo usichanjwe, usiumikwe, wala usichomwe sindano ovyo. Maji yake yakimwagika ndani ya mwili, mgonjwa aweza kufungwa pumzi na kufa katika dakika chache. Na akipona, mbegu zilizotawanyika zaweza kufanya vifuko vipya kila zilipoangukia.

Matibabu hufuata mahali. Vifuko vya ini vidogo huweza kutibiwa kwa albendazoli, lakini si kidonge kimoja kama wapewavyo watoto shuleni. Ni mara mbili kila siku kwa miezi, pamoja na chakula chenye mafuta, huku ini likipimwa. Vingine vya ini huvutwa maji kwa sindano chini ya altrasaundi, ikatiwa dawa ya kuua, kisha ikavutwa tena. Hii ni kazi ya mabingwa, wala haifanywi katika ubongo, mapafu, moyo au uti wa mgongo. Kifuko cha ubongo hutolewa kwa upasuaji wa ajabu: daktari humimina maji ya chumvi taratibu kati ya ubongo na kifuko, hata kikaelea na kutoka kizima. Cha mfupa ndicho kigumu kuliko vyote, maana hurudi mara nyingi. Kilichokufa na kugeuka kama chokaa huachwa, kikaangaliwa tu kwa miaka.

Nyamigogo si Turkana, lakini mbwa, mbuzi na kondoo tunao. Mwenye uvimbe usiouma ukuao polepole aende zahanati, aeleze kama ameishi na mbwa, aombe kupelekwa hospitali ya wilaya. Na ikiwa ni ubongo au mfupa, huenda akapelekwa Bugando, Mwanza.

Katika Isilandi, kisiwa cha kaskazini mwa Ulaya, maradhi haya yaliwahi kuwatesa watu wengi. Mwaka 1864 kijitabu cha Harald Krabbe, mtaalamu wa Denmark, kiligawiwa bure kila nyumba, kikieleza habari za mbwa na vifuko. Watu walikisoma, na katika muda wa miaka iliyofuata maradhi yakatoweka. Shauri lake lafaa hata sasa: ini au pafu lenye vifuko lizikwe shimo refu au lichomwe moto, na mbwa apewe dawa ya tegu. Siku hizi dawa hiyo ni prazikwanteli, nayo katika nchi zenye maradhi mengi hurudiwa kila majuma sita, kwa kuwa tegu mpya huchukua kama muda huo kabla ya kuanza kutoa mayai.