Je, Wajua? Mwaka 2018 Dimba Lilifunguliwa Mara Mbili

Je, wajua kwamba mwaka 2018 shabiki wa Bandari FC alionja raha ya mwanzo wa msimu mara mbili? Ligi Kuu ya Kenya ilianza Februari kama ilivyozoeleka, kisha msimu uliofuata ukaanza Desemba ili kalenda ilingane na ya soka ya Afrika. Kwa mtu wa Mtongwe, utamu huanzia njiani: matatu hadi Likoni, kisha feri, ambayo aendaye kwa miguu halipi hata ndururu, jezi imepigwa pasi, upepo wa Kilindini usoni, mabishano kuhusu kikosi hadi uwanjani Mbaraki. Na matumaini yalikuwa na msingi. Misimu yote miwili Bandari ilimaliza ya pili, nyuma ya Gor Mahia, na mwaka 2019 ikatwaa Kombe la Ngao.